Nocino ya Modena: kutoka jozi mbichi hadi chupani

Nocino ni likeri, yaani pombe kali yenye sukari, inayotengenezwa kwa jozi (walnut) mbichi. Mara ya kwanza nilichuma jozi katikati ya Julai, nikapata likeri chungu kama mwarobaini. Vipimo vilikuwa sawa, spiriti ilikuwa sawa. Kilichoniangusha ni tarehe, kwa hiyo tuanzie hapo.

1. Kuchuma. Modena, kaskazini mwa Italia, jozi za nocino huchumwa zikiwa bado za kijani, usiku wa kuamkia 24 Juni, sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Kwa desturi ya zamani, wanawake walipanda mti pekupeku, wakachuma kwa mkono bila kifaa cha chuma kuzigusa, kisha wakaziacha nje zipate umande. Unaweza kuiona ni imani tu, lakini tarehe ina sababu: siku hizo ganda la ndani halijakomaa. Choma jozi kwa sindano ndefu. Ikipenya mpaka upande wa pili, chuma. Ikigota, ngoja mwakani.

2. Kukata. Chukua kilo 1, yaani jozi 33 au 35 hivi. Wenyeji hupenda idadi iwe witiri. Zipanguse, kata kila moja vipande vinne. Ndani utakuta nyama nyeupe inayotetemeka kama jeli. Maji yake yanatoka meupe, lakini baada ya muda mfupi kisu, ubao na vidole vyote ni kahawia, na sabuni haisaidii kitu. Vaa glavu.

3. Sukari kwanza. Watu wengi huruka hatua hii, na inaniuma kila nikiona. Weka jozi kwenye mtungi wa kioo pamoja na gramu 800 za sukari, anika juani siku 2, ukikoroga mara kwa mara. Sukari huvuta maji ya jozi yakawa sharubati nzito, yenye giza.

4. Spiriti na viungo. Mimina lita 1 ya spiriti ya kunywa ya asilimia 95, ile inayouzwa madukani Italia kwa ajili ya likeri. Spiriti ya hospitali au ya kiwandani ni sumu, usithubutu. Fanya kazi hii mbali na moto. Ongeza kijiti kifupi cha mdalasini na karafuu 3. Sisi tuliozoea pilau mkono unatuwasha kuongeza. Jizuie, karafuu ikizidi hutaonja jozi kabisa.

5. Kungoja. Acha mtungi mahali panapopata jua kiasi kwa siku 60 au zaidi, ukitikisa kila baada ya siku chache. Chuja kwa kitambaa safi, tia kwenye chupa za kioo cheusi, weka kabatini miezi 12. Ordine del Nocino Modenese, chama kilichoanzishwa Spilamberto, mji mdogo karibu na Modena, mwaka 1978 kuilinda nocino ya nyumbani, nacho kinashauri mwaka mzima. Ukionja mapema utakuta ukali unaokausha ulimi. Mwaka ukitimia, ukali huo umelainika.

Hunywewa baada ya chakula, kwa glasi ndogo. Mwenye mzio wa jozi asiiguse.