Pedali kwenye ampu ya tyubu: anza na ampu yenyewe

Wazee, mtu kanunua pedali 5 za gitaa (vile vikasha vya kubadili sauti unavyokanyaga kwa mguu), kazipanga zote chini, kachomeka kwenye ampu ya tyubu (amplifaya inayokuza sauti kwa vichupa vya kioo vinavyopata moto) halafu analalamika mbona sauti kama nyuki kwenye debe. Chomoa zote. Gitaa, waya, ampu, basi. Ila kabla hujawasha cheki spika imeunganishwa, maana ampu ya tyubu ukiipiga bila spika transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na kama ni ya mtumba toka Marekani soma kwa nyuma inataka volti ngapi, kule wanatumia 120 na ukutani kwetu ni 230, hapo usibahatishe.

Washa, ipe kama dakika moja tyubu zipate moto, halafu pandisha volyumu taratibu mpaka ukipiga uzi kwa nguvu sauti inakwaruza na ukipiga taratibu inabaki safi. Hapo ndo penyewe.

Sasa ovadraivi, pedali ya kuongeza mkwaruzo. Wengi wanaweka geini (kiasi cha mkwaruzo) juu, levo (ukubwa wa sauti inayotoka) chini, mi nafanya kinyume, geini karibu na sifuri, levo juu, toni katikati. Pedali hapo haikwaruzi sana yenyewe, inaisukuma tyubu ya mbele ya ampu, ile sauti inapoingilia (mara nyingi ni aina ya 12AX7), ndo ikwaruze. Ovadraivi ya Tube Screamer kwa mfano inapunguza besi na kuinua sauti za kati, ndo maana solo inapenya hata kama dramu wamezidisha, na huwa wanazidisha.

Dilei (pedali ya kurudiarudia sauti) na riveba (mwangwi kama wa ukumbi mkubwa) ndo zinasumbua watu. Kama mkwaruzo unatoka kwenye ampu na dilei umeiweka mbele, kati ya gitaa na ampu, kila mwangwi nao unakwaruzwa, unapata uji. Angalia nyuma ya ampu kama kuna matundu ya SEND na RETURN, waya utoke SEND uingie kwenye dilei, ukitoka kwenye dilei urudi RETURN. Wawa (pedali ya kuifanya gitaa ilie "wa-wa") na ovadraivi zibaki mbele. Ampu nyingi za zamani hazina hayo matundu, basi iache ampu safi, mkwaruzo utoe kwenye pedali na dilei ifuate nyuma yake. Kwa sebene sihangaiki kabisa, ampu safi, pedali ya korasi kidogo (inafanya gitaa moja lisikike kama mawili), dilei fupi, kazi iendelee.

Ukisikia mvumo usikimbilie kununua tyubu mpya, chomoa pedali moja moja kwanza, na adapta moja kulisha pedali zote mara nyingi ndo mchawi. Mi niliwahi kuhangaika nusu saa ukumbini, kumbe chaja ya simu ya mtu iko kwenye ekstensheni yangu.