Fimbo ya mita moja: pima latitudo kabla ya kufunga sola

Paneli zangu za kwanza, huku Katuba, mjini Lubumbashi, nilizielekeza kusini. Mchoro uliokuja na mzigo ulionyesha hivyo, nami sikujiuliza ulichorewa wapi. Mwezi wa sita mama mwenye nyumba akaniita: "Fundi, batri yako inalala mbele ya watoto!" Mchoro ulikuwa wa Ulaya, ambako jua la adhuhuri huwa kusini. Lubumbashi iko karibu nyuzi 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta (hiyo ndiyo latitudo yake), kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka jua linapita kaskazini yetu. Tangu hapo sipandi juu ya bati kabla ya kusimamisha fimbo.

Hatua ya 1. Chagua siku iliyo karibu na 20 Machi au 23 Septemba. Siku hizo jua liko juu ya ikweta yenyewe, kwa hiyo kivuli cha adhuhuri kinaonyesha latitudo yako. Chomeka fimbo ibaki mita moja juu ya ardhi, uihakiki kwa timazi (uzi wenye uzito). Ikiinama kidogo tu, kazi yote imeharibika.

Hatua ya 2. Kuanzia saa sita kasoro robo, weka kijiti kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, mpaka kivuli kianze kurefuka. Usitegemee saa ya mkononi: inafuata mstari wa longitudo wa nyuzi 30 mashariki, sisi tuko kama 27 na nusu, na adhuhuri ya jua inahamahama mwaka mzima. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho unachopima. Lubumbashi utapata kama sentimita 21. Goma, iliyo karibu zaidi na ikweta, 3 tu. Kutoka ncha yake kwenda kwenye fimbo ndiko kaskazini.

Hatua ya 3. Sasa raha yake: huhitaji kikokotoo. Kwa kila mita ya kitako cha fremu, inua upande wa kusini kwa urefu uleule wa kivuli, paneli itazame kaskazini. Goma usiinue sentimita 3, maji yatatuama na vumbi lishike, weka 18.

Hatua ya 4. Batri. Hapa mafundi wengi hukosea, kwa sababu saa za mchana si saa za jua. Dunia imeinama nyuzi 23.4, na kadiri unavyokuwa mbali na ikweta ndivyo mchana unavyobadilika zaidi. Goma, tofauti ya mchana mrefu na mfupi ni kama dakika 12. Lubumbashi ni zaidi ya saa moja: Juni mchana una kama saa 11 na dakika 26, Desemba saa 12 na dakika 48. Lakini Juni ni kiangazi, baridi ya asubuhi na anga jeupe, wakati Desemba ni mawingu na mvua. Pigia hesabu ya batri siku za mvua, usidanganywe na urefu wa mchana.

Hapa Lubumbashi, kama 24 Oktoba, adhuhuri fimbo inakosa kivuli kabisa, kisha jua linahamia kusini hadi katikati ya Februari. Desemba kivuli kinarudi sentimita 21, safari hii kikilalia kaskazini. Wateja watakupigia simu kwamba jua liko mgongoni mwa paneli. Usiguse boliti hata moja: kwa mwinamo huo adhuhuri unapoteza chini ya sehemu moja ya kumi, na Mei utazihitaji pale pale.