Upasuaji wa kupunguza uzito: kujiandaa ukiwa Dodoma, na kula ukisharudi

Upasuaji wenyewe huchukua saa moja hadi tatu. Mafanikio yake yanaamuliwa jikoni, wiki kadhaa kabla ya kulazwa na miaka mingi baada ya kutoka. Kwa mkazi wa Dodoma liko jambo la kuangalia kwa makini kuliko yote: ugali wa uwele kwa mlenda. Tonge hukatwa, huviringishwa, huchovywa, na mlenda huliteremsha mpaka chini. Meno hayapati kazi. Tumbo lililofanyiwa upasuaji halihimili chakula kisichotafunwa.

Anza na hesabu ya BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu. Zidisha urefu wako kwa mita mara wenyewe, kisha gawa uzito wako kwa jibu hilo. Mwenye kilo 112 na urefu wa mita 1.62 anapata 42.7. Kwa miongozo ya kimataifa ya 2022, upasuaji unapendekezwa kuanzia 35, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili.

Aina zinazofanyika zaidi ni mbili. Ya kwanza huondoa zaidi ya robo tatu ya mfuko wa tumbo na kubakiza mrija mwembamba kama ndizi. Ya pili, baipasi, hutengeneza kifuko cha kama mililita 30 na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo. Mwenye kiungulia kikali aulizie baipasi, kwa sababu mrija mara nyingi hukizidisha. Puto linalowekwa tumboni, huduma inayopatikana Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, si upasuaji: kwa kawaida hukaa miezi 6 kisha hutolewa, na asiyebadili ulaji uzito humrudia.

Vipimo vingi vinaweza kufanyika hapahapa mjini, kwa mfano Hospitali ya Benjamin Mkapa: wingi wa damu, sukari ya miezi mitatu, figo, ini, moyo, utrasaundi ya tumbo, na kamera ya kuangalia vidonda na bakteria wa tumbo. Bakteria hao wakionekana, hutibiwa kabla ya upasuaji. Ukikoroma sana na kushtuka usiku kama unayekosa pumzi, mwambie daktari wa dawa ya usingizi, usione haya. Sigara iachwe angalau wiki 6 kabla, maana huchelewesha kidonda kupona na kuongeza hatari ya damu kuganda. Mwanamke apange uzazi mapema kwa njiti au kitanzi: mimba haifai kwa miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, na baada ya baipasi vidonge si vya kutegemea.

Mazoezi ya kula yaanze wiki 6 kabla. Pakua kwenye kisosi, kula kwa kijiko cha chai, tafuna kila kijiko mara 25, weka kijiko chini, ndipo uchukue kingine. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Maji yaachwe nusu saa kabla ya kula na nusu saa baada ya kula. Siku za kwanza utachoka taya, na wenzako watamaliza sinia wewe uko nusu, kwa hiyo omba sahani yako mapema. Ukweni, onja mbele ya mama mkwe, shukuru, na umweleze kwamba daktari ndiye aliyepima chakula chako. Mama wa Kigogo akielewa kuwa ni ugonjwa, yeye mwenyewe atakutetea kwa wengine.

Wiki mbili za mwisho ni za kupunguza ini. Kwa mtu mnene ini hujaa mafuta, na kipande chake cha kushoto hufunika mfuko wa tumbo palepale daktari anapopitisha vifaa kwenye matundu madogo. Lisiponywea, upasuaji huwa mgumu, na wakati mwingine husitishwa mgonjwa akiwa ameshalazwa usingizi. Ndiyo maana ile karamu ya kuaga, nyama choma na chipsi usiku wa mwisho, ni hatari kweli. Kula mayai mawili ya kuchemsha na chai kavu asubuhi. Mchana gramu 100 za kuku asiye na ngozi au samaki, na mchicha mwingi. Jioni nusu kikombe cha maharage, supu ya mboga na kikombe cha mtindi usio na sukari. Ugali, wali, chapati, viazi, soda na juisi vikae pembeni. Anayetumia insulini au glibenklamaidi asianze mlo huu kabla daktari hajampunguzia dozi, la sivyo sukari itashuka ghafla.

Ukipasuliwa Dar es Salaam, usikimbilie kurudi. Panga kwa ndugu kwa wiki mbili, kwa sababu mshono ukivuja, mara nyingi huvuja ndani ya muda huo. Kwa safari, treni ya SGR ni bora kuliko basi: unaweza kusimama na kutembea ndani ya behewa kila saa, na hatari ya damu kuganda miguuni hupungua.

Nyumbani, kazi ya kwanza ni maji. Chukua kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi, chenye alama za mililita. Mililita 30 kila dakika 15 ni 120 kwa saa. Kwa saa 12 na nusu umefikisha lita 1.5. Usigugumie, na usitumie mrija wa kunywea, unaingiza hewa. Kiangazi cha Dodoma, upepo hukausha jasho kabla hujalihisi, hivyo angalia mkojo: ukiwa na rangi ya chai, umechelewa.

Wiki 2 za kwanza ni vyakula vya maji tu: supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta mengi, uji mwepesi usio na sukari. Wiki ya 3 na ya 4 ni vya kusaga: choroko, maharage yaliyomenywa, yai, samaki asiye na miiba. Wiki ya 5 na ya 6 ni vilaini, kisha vigumu kidogo kidogo. Lengo ni protini gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai lina kama 6, kikombe cha maziwa 8, gramu 100 za samaki aliyepikwa kama 20. Kijiko cha chakula cha unga wa dagaa huongeza karibu 5, na huingia kwenye uji bila shida. Protini iliwe kwanza, mboga baadaye, wanga mwisho.

Ugali usirudi kabla ya mwezi wa tatu, na ukirudi uwe punje ya ukubwa wa harage, itafunwe kavu, mlenda uliwe kwa kijiko peke yake. Tonge likikwama utalijua: maumivu katikati ya kifua, mate ya povu yasiyoisha, kisha kutapika. Usilisukume kwa maji; simama, tembea, subiri.

Baada ya baipasi, soda, chai ya sukari na ubuyu uliokolezwa sukari huleta moyo kwenda mbio, jasho na kuhara ndani ya dakika 10 hadi 30. Mvinyo wetu nao hupanda kichwani haraka kuliko zamani; uachwe mwaka mzima.

Vitamini ni za maisha: multivitamini kila siku, kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa mafungu, vitamini D, madini ya chuma, na B12, hata kwa sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi. Chuma na kalsiamu vipishane saa 2, na chuma kisimezwe kwa chai. Nywele zikikatika mwezi wa tatu hadi wa sita, usiogope, kwa kawaida huota tena. Ongeza protini, pima damu.

Mapigo zaidi ya 120 kwa dakika, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, bega la kushoto kuuma, pumzi kukatika au shavu la mguu kuvimba: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane.

Andika kadi ukae nayo pochini: aina ya upasuaji, tarehe, simu ya daktari. Ongeza mistari miwili kwa herufi kubwa. Wa kwanza: nisipewe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini bila daktari wangu kujua; kwa maumivu nipewe parasetamoli. Duka la dawa hutoa diklofenaki kwa maumivu yoyote, nayo inaweza kuleta kidonda kinachotoboka pale tumbo lilipounganishwa na utumbo. Wa pili: nikiwa nimetapika kwa siku kadhaa, nipewe thiamini (vitamini B1) kabla ya dripu ya glukosi. Glukosi ikitangulia humaliza thiamini kidogo iliyobaki, na mgonjwa aliyeingia na kutapika anaweza kutoka asiyeweza kutembea wala kukumbuka jina la mwanawe.