Namna ya kusoma rangi ya dondoo la bangi

Kazi yangu ni kupima maabara dondoo la bangi, yaani utomvu uliochotwa kwenye mmea, lile linalotengenezwa kwa leseni pale sheria inaporuhusu. Kabla sijawasha mashine hushika kichupa kwa vidole viwili, nikaweka karatasi nyeupe nyuma yake na kutazama. Watu huniuliza kama jeusi ni baya na jeupe ni bora. Rangi husimulia yaliyolipata dondoo tangu shambani. Ubora ni habari nyingine, na ukivichanganya hivyo viwili utadanganyika.

Anza na mmea wenyewe. Utomvu unaotafutwa umo kwenye vinyweleo vidogo vya maua, ilhali klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, imejaa kwenye majani. Majani yakiwa mengi, au mmea ukisagwa hadi ukawa unga, kijani kitapita tu. Ua lililokaa muda mrefu kwenye mwanga na joto hutoa dondoo la kahawia hata fundi awe stadi vipi. Na ua lenye ukungu litupwe, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, inaweza kuhamia kwenye dondoo na macho yako yasione kitu.

Halafu uliza kiyeyushi, yaani kitu kilichotumika kuuchota utomvu. Ethanoli huchota utomvu pamoja na klorofili, hasa ikiwa ya vuguvugu na mmea ukilowekwa kwa muda mrefu. Ndiyo maana viwandani huipoza sana, mara nyingi nyuzi 40 chini ya sifuri, na kuutoa mmea mapema. Butani huacha sehemu kubwa ya klorofili nyuma lakini hubeba nta, na nta ndiyo inayolifanya dondoo liwe na ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Usijaribu butani nyumbani: gesi yake ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na cheche moja inatosha kulipua chumba.

Joto nalo lina alama yake. Klorofili ikipata moto na asidi hupoteza magnesi yake, na kijani kibichi kikageuka kahawia ya zeituni, kama mboga za majani zilizochemshwa kupita kiasi. Terpini, zinazobeba harufu, huwa za kwanza kukimbia. Nikifungua kichupa chenye dondoo jeusi lisilonukia chochote, nashuku kwamba moto ulizidi.

Kuhusu kuhifadhi, nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza dondoo zuri. Niliwahi kugawa sampuli moja katika vichupa viwili vya kioo cheupe. Kimoja nilikiweka dirishani, kingine kabatini gizani. Baada ya wiki sita cha kabatini kilikuwa bado na rangi ya asali. Cha dirishani kilikuwa kimefifia harufu na kuiva kama chai iliyosahaulika jikoni. Mwanga na hewa huivunja THC, kemikali ya bangi inayolewesha, na sehemu yake hugeuka CBN, kemikali isiyolewesha sana. Tangu 1976 utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba mwanga ndio adui mkubwa kuliko wote. Kwa hiyo tumia chupa ya rangi nzito, jaza karibu na mdomo ili hewa iwe kidogo, funga sawasawa, weka mahali pa baridi. Mafuta ya CBD, kemikali nyingine ya bangi isiyolewesha, yakipiga zambarau au waridi, CBD yenyewe imeanza kuoksidika.

Sasa lile linalonisumbua moyo. Dondoo la zamani lililokwisha kuwa jeusi linaweza kupitishwa kwenye mkaa amilifu au udongo maalumu, vitu vinavyonyonya rangi, likatoka linang'aa. Mwaka wangu wa kwanza nililisifia moja la namna hiyo kwa macho. Mashine ikaonyesha heksani, kiyeyushi chenye sumu, juu ya kikomo cha sehemu 290 kwa milioni kinachotumika kwenye dawa. Nilitetemeka, kwa sababu kuna mtu angelimeza. Uzito pia hudanganya. Mwaka 2019 huko Marekani wauzaji wa magendo waliongeza asetati ya vitamini E kwenye mafuta ya bangi ya kuvuta kama mvuke ili yaonekane mazito na safi. Hadi Februari 2020 watu 68 walikuwa wamekufa kwa maradhi ya mapafu yaliyohusishwa sana na kitu hicho.

Kwa hiyo tazama rangi, nusa, kisha dai cheti cha maabara. Kisome chote: kiasi cha THC na CBD, mabaki ya viyeyushi, viuatilifu, metali nzito, ukungu na sumukuvu. Angalia tarehe ya kupimwa. Halafu linganisha namba ya toleo, yaani ya kundi la chupa zilizotengenezwa pamoja, kwenye cheti na ile iliyo kwenye chupa, tarakimu kwa tarakimu. Zisipolingana, cheti hicho ni cha chupa nyingine. Irudishe hata kama rangi yake imekupendeza.