Unaanza komyuniti koleji Marekani? Ipange simu yako kwanza

Wadau, naona wengi siku hizi mnauliza habari ya kusoma usalama wa mitandao kwenye komyuniti koleji za huku, yaani vyuo vya miaka miwili, ni wazo zuri na nitalifikia, ila ngoja nianze na kitu ambacho mimi hakuna aliyeniambia: chuo cha huku kinaishi ndani ya simu. Ratiba, ada, matokeo, imeili, mpaka wifi ya maktaba, vyote unavifungua kwa paswadi moja, halafu simu inaulizwa kama kweli ni wewe. Simu ikizingua, na wewe sio mwanafunzi tena mpaka itengemae.

Semesta yangu ya kwanza nilikuwa nabeba boksi usiku. Jumapili moja simu ikanidondoka kwenye sakafu ya zege, kioo kikafa kabisa, wala sikuogopa sana, nikaenda nikanunua nyingine, namba ikahamia, WhatsApp ikarudi, picha zikarudi, nikajiona mjanja. Jioni nakaa nimalizie kazi ya darasa ambayo mwisho wa kuituma ni saa 5:59 usiku, naweka paswadi, naambiwa fungua programu ya uthibitisho. Naifungua, tupu. Kumbe ile siri ilikuwa imekaa kwenye ile simu iliyokufa, haiendi na namba. Napiga helpdeski ya chuo, wale wa msaada wa kompyuta, Jumapili wamefunga. Nataka nimwandikie mwalimu, imeili yenyewe ya chuo ipo nyuma ya mlango uleule. Nikabaki naangalia saa inavyotembea. Kesho yake nikafunguliwa ndani ya dakika tano, ila maksi zilishakatwa.

Kwa hiyo wiki ya kwanza, kabla hata hujanunua kitabu, sajili vifaa viwili sio kimoja, hata tableti ya mtoto inafaa. Washa bakap ya hiyo programu. Zile namba za siri za akiba wanazokupa za kuingilia simu ikipotea ziandike kwenye karatasi uiweke pamoja na paspoti, na usipige skrinishoti ikakaa kwenye simu ileile, nimeona watu wanafanya hivyo nikacheka kwa uchungu. Ukiulizwa uchague kati ya meseji na programu, chagua programu, maana meseji inafuata namba, na namba inaweza kuhamishwa na tapeli aliyempigia simu mhudumu wa kampuni akijifanya wewe. Kampuni kubwa za simu za huku zina sehemu ya kuifunga namba isihamishwe, ni bure, ila mara nyingi lazima uitafute mwenyewe uiwashe.

Halafu simu ikikuuliza "ni wewe unayeingia?" na wewe umelala, jibu ni hapana. Uber walivamiwa Septemba 2022 kwa njia hiyohiyo, mfanyakazi wa mkataba aliletewa maombi mfululizo mpaka akakubali moja. Ikikutokea, kataa, halafu badilisha paswadi palepale.

Sasa laini ya nyumbani. Hapa ndo wengi tunaumia kwa sababu benki ya Bongo inatuma namba za uthibitisho kwenye ile namba, M-Pesa ipo pale, na WhatsApp ya ukoo mzima inaijua ile namba. Kwanza ujue iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina kabisa tundu la laini, ni eSIM tu, laini isiyo na kadi inayowekwa ndani ya simu, kwa hiyo ile kadi uliyokuja nayo kwenye pochi huna pa kuichomeka. Ama ubadilishe laini iwe eSIM kabla hujapanda ndege, ama uje na kasimu kako ka zamani ukaache kwenye droo, uwe unakachaji. Washa roming, weka salio, tuma hata meseji moja mara kwa mara, maana laini ikikaa kimya muda mrefu inafungwa na namba anaweza kupewa mtu mwingine. Wengine wanamwachia mdogo wao nyumbani. Mi sikulaumu, ila jua umemwachia na funguo za benki.

Na WhatsApp weka ile PIN ya tarakimu sita ya uthibitisho wa hatua mbili, leo, kabla hujamaliza kusoma hapa. Mtu akiiteka akaunti yako haanzi na wewe, anaanza na kundi la msiba, anaandika "jamani nimekwama naomba mnisaidie dola mia mbili nitarudisha Ijumaa" na watu wanatuma kwa sababu ni jina lako na picha yako.

Utapeli wa imeili ya chuo nao una yake. Nyumbani tumezoea "ile hela itume kwenye namba hii", tukiiona tunacheka. Huku inakuja kwa Kiingereza kizuri, imetoka kwa imeili ya mwanafunzi halisi ambayo imetekwa, inasema profesa anatafuta msaidizi, kazi nyepesi, dola 400 kwa wiki, unafanyia nyumbani. Ukijibu unatumiwa cheki, unaambiwa weka benki, chukua chako, kinachobaki mtumie mtu fulani au nunua kadi za zawadi. Benki inakuonyesha hela ipo, kwa sababu sheria ya huku inaitaka ikuachie sehemu ya hela mapema hata kama cheki haijahakikishwa. Baada ya siku kadhaa cheki inarudi ni feki, na deni ni lako. Ndo ile ile, imevaa suti tu.

Kuhusu kozi yenyewe. Komyuniti koleji ni nafuu kwa mkazi wa eneo husika, wastani ni kama dola 4,000 kwa mwaka za ada, na kama una grini kadi, au umekuja kama mkimbizi kama ndugu zetu wengi wa Kongo, jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali, ni bure, anayekutoza hela kukujazia achana naye. Pell Grant, ruzuku ya serikali unayoiomba kwa fomu hiyo, inafika mpaka dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025-26 na hairudishwi kama mkopo. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hizo hazimhusu, na ada yake ni kubwa zaidi. Lazima achukue krediti (vipimo vya uzito wa kozi) 12 kwa semesta, na kozi ya onlaini inayohesabika humo ni moja tu, jambo la kuangalia sana maana kozi nyingi za kompyuta ziko onlaini. Tena ile nyongeza ya miezi 24 ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, ya waliosoma sayansi na teknolojia, inataka angalau digrii ya kwanza, hii ya miaka miwili haitoshi.

Kabla ya kuchagua chuo, angalia kama kipo kwenye orodha ya NSA, shirika la usalama wa taifa la Marekani, ya vyuo vilivyothibitishwa kwa usalama wa mitandao, komyuniti koleji nyingi zimo. Na uliza kama kozi inakuandaa kwa Security+, cheti cha kuanzia cha usalama wa mitandao, mtihani wa maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, kufaulu ni 750 kati ya 900. Mwanafunzi ananunua vocha kwa bei ya punguzo, usilipe bei kamili. Wanaosema ukishaupata kazi inakufuata nyumbani wanakuongopea, kazi nyingi za serikali zinataka uraia na za kampuni zinataka uwe umeshashika kazi mahali.

Pa kuanzia kuishika ni hapohapo chuoni, helpdeski inaajiri wanafunzi, na hata mwenye F-1 anaruhusiwa kufanya kazi kampasi mpaka saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Mimi niliomba semesta iliyofuata, nikapata. Wa kwanza kuja dirishani Jumatatu asubuhi alikuwa kashika simu yenye kioo kilichopasuka. Jumapili bado tunafunga.