Jinsi ya kuzunguka Hifadhi ya Arusha kwa siku moja

Wana Arusha, kama hujaingia bado panga wikiendi hii, ni pazuri mno na ni karibu. Changeni hela mkodi gari, maana ndani hutembei kwa miguu bila askari mwenye bunduki, nyati wapo wengi. Saa kumi na mbili asubuhi muwe barabarani, mkichelewa mawingu yanafunika Mlima Meru na hizo mita zake 4,566 huzioni tena. Beba kitambulisho cha NIDA upate bei ya Mtanzania, malipo ni kwa simu au kadi, keshi hawapokei.

Anzeni Ngurdoto, mnachungulia kreta kutoka ukingoni tu, chini hamshuki, alafu mkifika msituni zimeni injini mtulie, angalieni juu ya miti mtaona mbega, mwili mweusi, singa nyeupe ndefu zinaning'inia mgongoni na mkia kama mgwisho. Maziwa ya Momella ndo penyewe aisee, maji ya magadi, kila ziwa na rangi yake, flamingo wakiwepo ni pinki tupu, kaeni hapo hata saa nzima.

Mkirudi pitieni Ziwa Duluti, Tengeru. Boma la Wajerumani la mwaka 1900 liko mjini, liwekeeni siku nyingine.