Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Tathmini ya Haiba kwa Waombaji wa Urubani wa Kijeshi

Waombaji wengi wa urubani wa kijeshi hutumia miezi wakijinoa kwa hesabu, fizikia, mbio na vipimo vya wepesi wa jicho na mkono, kisha huifikia tathmini ya haiba bila kuiwazia hata kidogo, kwa kuwa wameambiwa kwamba haina jibu sahihi wala kosa. Kauli hiyo ni ya kweli nusu tu. Mimi sikuielewa nusu ya pili, ikanigharimu mwaka mzima, na tangu hapo nimewaona vijana kadhaa wakijikwaa palepale.

Anza na mambo mepesi. Lala usiku kucha. Kula kabla ya kuingia. Fika mapema, na ubebe miwani yako ikiwa unaivaa. Kama unatumia dawa yoyote, itaje unapoulizwa, na usimeze kidonge cha kutuliza wasiwasi ambacho hukuandikiwa na daktari. Soma maelekezo mpaka mwisho, kwa sababu dodoso moja hutaka ujibu kweli au si kweli, na jingine hutaka uchague kiwango kimoja kati ya vitano. Usiache kauli bila jibu kwa kuwa imekukera: katika dodoso la MMPI-2, ambalo ni toleo la pili la MMPI, dodoso la kutafuta dalili za maradhi ya akili, na lina kauli 567, majibu 30 au zaidi yaliyoachwa wazi yanatosha kuyabatilisha matokeo yote.

Jua pia unachopimwa. Zipo kazi mbili tofauti, na waombaji huzichanganya. Ya kwanza ni kutafuta dalili za maradhi ya akili, na ndiyo kazi ya MMPI, ambayo ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1943 kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali. Ya pili ni kueleza hulka ya mtu mzima wa afya, kama lifanyavyo dodoso la NEO PI-R, lenye kauli 240 zinazohusu sifa kuu tano: wepesi wa kupata wasiwasi, uchangamfu, uwazi kwa mambo mapya, maelewano na watu, na bidii yenye mpangilio. Tafiti nyingi juu ya marubani zimeonyesha kwamba kwa wastani wana wasiwasi mdogo na bidii kubwa, lakini uhusiano wa haiba na kufaulu mafunzo ni hafifu ukilinganishwa na ule wa vipimo vya uwezo. Kwa hiyo hakuna sura moja ya rubani unayopaswa kuivaa, na anayeitafuta anapoteza muda wake.

Mimi niliitafuta. Jioni ya kuamkia tathmini, kaka yangu, ambaye hakuwahi kupita katika usaili wa aina hiyo, alinikalisha chini akanifundisha alichokiita majibu ya rubani: haogopi, hakasiriki, haahirishi kazi, hajuti, na kila mahali yeye ndiye kiongozi. Alinipenda na alitaka nifaulu. Asubuhi nilijibu kauli zote kwa mwendo huo, haraka na bila kusita, nikatoka nimeridhika kabisa. Sikujua kwamba ndani ya dodoso la namna ile zimo kauli zilizowekwa makusudi ili kupima jinsi mtu anavyojibu. Katika MMPI-2, kwa mfano, mizani iitwayo L ina kauli 15 zinazogusa udhaifu mdogo ambao karibu kila binadamu anao, na anayeukana wote huonekana anajipamba. Mizani ya K hukamata kujikinga kulikofichika zaidi, na zipo jozi za kauli zilizotawanywa mbalimbali, zinazogusa jambo lilelile kwa maneno tofauti, ili kuona kama majibu yanashikana. Waombaji wa urubani wanajulikana kwa kujipamba kuliko watu wengine, kwa hiyo anayewapima hutazama mizani hizo kwanza.

Baada ya chakula cha mchana niliitwa. Mwanasaikolojia alikuwa mama mpole mwenye cheo cha meja, na mbele yake kulikuwa na karatasi mbili.

"Kwenye dodoso umesema hujawahi kuahirisha kazi," alisema. "Kwenye historia yako umeandika kwamba ulirudia mwaka wa pili chuoni. Nieleze, kijana, mwaka ule ulikuwaje?"

Nafasi ya kujirekebisha bado nilikuwa nayo. Ningeweza kumwambia kwamba mwaka ule nilibweteka, kazi za semina zikarundikana, nikaanguka, nikaona aibu, kisha nikabadili ratiba yangu yote na kumaliza vizuri. Habari hiyo ingenifaa kuliko jibu lolote la kaka yangu, kwa sababu mwanafunzi wa urubani hukosolewa na mkufunzi kila anaporuka, na wasaili wanataka kujua mtu hufanya nini akishakosea. Badala yake nilimjibu, "Afande, tatizo lilikuwa mhadhiri." Akaniuliza juu ya mhadhiri. Nikaongeza uongo wa pili ili kuutegemeza wa kwanza. Aliandika mstari mmoja, akanishukuru, nikatoka.

Niliarifiwa kwamba majibu yangu hayakuweza kutolewa tafsiri ya kuaminika, na kwamba ningeweza kuomba tena baada ya miezi 12. Mimi nilikuwa na muda huo, na mwaka uliofuata nilijibu nilivyo, nikapita hatua ile. Mwenzangu niliyeketi naye, aliyejibu kama mimi, alikuwa amebakiza miezi saba kufikisha umri wa mwisho wa kuomba.

Basi, jiandae hivi. Wiki moja kabla, kaa na daftari uandike maisha yako kwa mfuatano: shule, kazi, magonjwa, ugomvi, adhabu, mitihani uliyoanguka, na tarehe zake, kisha ulinganishe na fomu ulizokwisha kujaza. Mwombe mtu aliyeishi nawe akutajie udhaifu wako, na usimkatize. Chagua matukio matano au sita ya kweli, na kwa kila moja uweze kusema kilichotokea, ulichofanya wewe, na kilichofuata. Usiyakariri neno kwa neno, maana swali la pili la msaili hulivunja jibu la kukariri.

Ukiwekwa kwenye zoezi la kikundi, sikiliza. Mwaka 1979 NASA, shirika la anga la Marekani, iliitisha warsha kuhusu ajali za ndege ambazo chanzo chake kilikuwa wahudumu wa chumba cha marubani kushindwa kuwasiliana, kuamua na kuongozana, na mafunzo yaliyotokana nayo yaliingia katika urubani wa kiraia na wa kijeshi. Anayewafunika wenzake kwa sauti hujidhuru sawa na anayenyamaza mpaka mwisho.

Wala usipinduke ukaanza kukiri kila kitu: jibu ulichoulizwa, kwa kipimo cha swali. Usimlipe mtu anayedai kuuza majibu. Usijadili kauli za dodoso na wenzako wakati wa mapumziko, kwa kuwa utarudi ndani na mawazo yao. Mheshimu karani anayepanga foleni. Na wakikukataa, usibishane mlangoni. Uliza kwa maandishi tarehe unayoruhusiwa kuomba tena, kisha ihesabu siku hiyohiyo dhidi ya tarehe yako ya kuzaliwa.